Damu Inapozidi Kila Mwezi: Kisu si Njia ya Kwanza



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi za parokia zetu husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa. Nalo ni akina mama kutokwa na damu nyingi kupita kiasi wakati wa siku zao. Tunajua wapo watakaotaka kufunua ukurasa unaofuata, hasa akina baba. Tunawasihi msifanye hivyo. Damu inayopotea ni ya mama wa nyumba yako, na nyumba nzima huilipia.

Tumfikirie mama mmoja wa Ulyankulu. Hatumpi jina, kwa sababu katika kila kijiji yupo anayefanana naye. Ana umri wa miaka 41 na watoto watano. Zamani siku zake zilikuwa nne, sasa zinafika tisa. Usiku huamka mara tatu kubadilisha vitambaa. Msimu wa tumbaku, wenzake wakiwa wameketi wakifunga majani ili yapelekwe kwenye bani, yeye huinuka kila mara na kwenda nyuma ya nyumba. Ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba bila kupumzika, leo anaitua njiani mara nne. Jumapili huketi benchi la mwisho, amevaa kitenge cheusi, na wengine wanaposimama kusikiliza Injili yeye hubaki ameketi, maana akisimama ghafla macho yanaingia giza.

Mumewe anadhani ni uvivu. Wifi yake anasema ni uzee unabisha hodi. Jirani anadokeza kuwa kuna mtu amemfanyia ubaya. Na siku alipofikiri kwenda hospitali, rafiki yake akamwambia, “Usiende. Wakishakupima watakutoa kizazi tu.” Basi akabaki nyumbani.

Maneno hayo ya rafiki ndiyo yaliyotufanya tuchague somo hili, kwa sababu yamewafungia ndani akina mama wengi. Nayo si ya kweli. Kuondoa kizazi ni njia ya mwisho, si ya kwanza. Kati ya kukaa nyumbani ukiishiwa damu na kulazwa kwenye meza ya upasuaji kuna ngazi ndefu yenye vipandio vingi, na cha kwanza ni vidonge tu. Hebu tuipande ngazi hiyo pamoja, polepole.

DAMU KIASI GANI NI NYINGI?

Kwa kawaida mwanamke hupoteza damu ya hedhi kiasi cha mililita 30 hadi 40 kwa mwezi, yaani kama vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chakula. Wataalamu wamekuwa wakisema kwamba ikizidi mililita 80 ni nyingi. Lakini nani atapima damu yake kwa kijiko? Ndiyo maana siku hizi madaktari hutumia kipimo kingine kilicho rahisi zaidi: ikiwa damu inakuzuia kufanya kazi zako, kusafiri, kusali na wenzako, kulala au kuishi vizuri na mume wako, basi damu hiyo ni nyingi na inastahili kutibiwa. Mwenye kujua ni mama mwenyewe.

Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Pedi au kitambaa kulowa kabisa na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya saa moja au mbili.
2. Kulazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja, au kuamka usiku kubadilisha.
3. Kutoa mabonge ya damu yenye ukubwa wa sarafu kubwa au zaidi.
4. Siku kuzidi saba.
5. Kuchoka, kuhema unapotembea, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, au kutamani kula udongo na vitu vya ajabu.

Dalili hii ya tano inaonyesha kwamba akiba ya damu mwilini imekwisha kuguswa. Hapa nchini tatizo la upungufu wa damu ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa bado ni zaidi ya 40 katika kila 100. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo ya safura, chakula duni, mimba za karibu karibu. Hata hivyo, hedhi nzito ni mlango mmoja ambao damu hupitia kila mwezi bila mtu kuuangalia. Ukijaza mtungi huku chini una tundu, utateka maji mpaka jioni.

MBONA DAMU INAZIDI?

Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandikia utando laini ndani yake, tayari kupokea mtoto. Mimba isipotungwa, utando ule hubanduka na kutoka pamoja na damu, kisha mfuko hukaza misuli yake na damu hukoma. Kitu chochote kinachoufanya utando uwe mnene mno, au kinachozuia mfuko usikaze, au kinachozuia damu isigande, kitaleta damu nyingi.

Kwa akina mama wetu jambo linaloonekana mara nyingi ni uvimbe wa kizazi unaoitwa fibroidi. Huu ni uvimbe wa nyama ngumu unaoota katika ukuta wa mfuko wa uzazi. Waweza kuwa mdogo kama punje ya harage au mkubwa kama boga. Karibu siku zote si saratani. Uvimbe ulioota upande wa ndani, hata ukiwa mdogo, hutoa damu kuliko mkubwa ulioota upande wa nje.

Pia kuna vinyama laini viitwavyo polipu. Kuna hali ya utando wa ndani kupenya katika misuli ya mfuko, ambayo huleta damu nyingi na maumivu makali. Kuna kuyumba kwa homoni, hasa kwa wasichana wanaoanza na akina mama wanaokaribia kukoma hedhi. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingo. Kuna kitanzi cha madini ya shaba, ambacho huweza kuongeza damu, na sindano za uzazi wa mpango ambazo huweza kuvuruga mzunguko. Kuna dawa za kuzuia damu isigande ambazo wagonjwa wengine wa moyo hutumia.

Tusiwasahau mabinti zetu. Msichana ambaye tangu hedhi yake ya kwanza anatokwa na damu nyingi mno, na tena hutokwa na damu puani au kwenye fizi, huenda amezaliwa na damu isiyoganda vizuri. Huyu asiambiwe “utazoea”. Apelekwe akapimwe.

Na lipo jambo moja zito. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au mwaka mmoja na zaidi baada ya hedhi kukoma, isisubiriwe hata wiki mbili. Yaweza kuwa dalili ya saratani. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikigunduliwa mapema hutibika. Kuipima ni kazi ya dakika chache: shingo ya kizazi hupakwa siki maalumu na mhudumu huangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Chanjo ya kuwakinga wasichana dhidi ya saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

KIPANDIO CHA KWANZA: KUPIMWA NA KURUDISHIWA DAMU

Mama wa Ulyankulu anaanzia kwenye zahanati yake au kituo cha afya. Hapo ataulizwa habari za siku zake, kwa hiyo ni vizuri aandike kwenye daftari la mtoto: siku ilipoanza, siku ilipokoma, pedi au vitambaa vingapi kwa siku. Daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka.

Atapimwa mkojo kuona kama ana mimba, kwa sababu mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya kizazi nayo huleta damu, na hii ya pili huua haraka. Atapimwa wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi. Akiwa chini ya hapo ana upungufu. Atapimwa malaria, atapewa dawa ya minyoo ikihitajika, na vidonge vya madini ya chuma.

Vidonge hivi hubadilisha choo kuwa cheusi, na wengine huwaletea kichefuchefu. Usiogope wala usiviache. Meza pamoja na chungwa, embe au pera, maana matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Usimeze pamoja na chai, kwani chai hukizuia. Endelea kwa muda wote ulioelekezwa, hata ukijisikia umepona, ili akiba ijae tena. Chakula nacho kisaidie: dagaa, maini, nyama inapopatikana, maharage, kisamvu, matembele na mchicha.

Kipimo kinachofuata ni altrasaundi, picha ya tumbo isiyo na maumivu, inayoonyesha kama kuna uvimbe, uko wapi na una ukubwa gani. Kama haipatikani karibu, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Kitete, Tabora mjini. Kwa mama aliyevuka miaka 45, au mwenye hali ya kutia shaka, daktari aweza pia kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani kwa mrija mwembamba ili kipimwe maabara.

KIPANDIO CHA PILI: VIDONGE

Dawa ambayo tungependa kila mama aijue ni asidi ya traneksamiki. Si homoni wala haizuii mimba. Kazi yake ni kuifanya damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke upesi. Humezwa katika siku zile za damu nyingi tu, kwa kawaida siku nne au tano, kisha huachwa mpaka mwezi ujao. Hupunguza damu kwa karibu nusu.

Dawa hii ina historia nzuri. Iligunduliwa huko Japani mwaka 1962 na wanasayansi wawili, mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto. Walitaka dawa ya kuokoa akina mama wanaotokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, na Mama Utako alikuwa akienda maabara na mtoto wake mgongoni. Miaka mingi ilipita kabla dunia haijawasikiliza. Mwaka 2017 ndipo yalipotoka matokeo ya utafiti uliowahusisha wanawake wapatao 20,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo, yakionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya wazazi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Mama Utako alifariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98.

Dawa hii asipewe mtu aliyewahi kupata damu kuganda katika mishipa ya mguu au mapafu, wala mtu asiinunue dukani kwa kukisia. Kipimo atatoa mganga.

Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni navyo, vikimezwa kwa utaratibu katika siku hizo, hupunguza damu kwa kiasi cha robo na maumivu pia. Mwenye vidonda vya tumbo asivitumie.

Baada ya hapo huja vidonge vya homoni, ambavyo hutuliza utando wa ndani usiwe mnene. Wengi hupona au kupata nafuu katika kipandio hiki na hawahitaji kuendelea juu.

KIPANDIO CHA TATU: TIBA NDOGO ZISIZOPASUA TUMBO

Vidonge visiposaidia, bado hatujafika kwenye kisu. Zipo tiba ambazo daktari hupitia njia ya kawaida ya uzazi au tundu dogo tu la ngozi, na mgonjwa wa nyingi kati ya hizo hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Ya kwanza ni kitanzi chenye homoni. Hiki si kile cha shaba. Ni kifaa kidogo chenye umbo la herufi T kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na kutoa homoni kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Miezi ya mwanzo damu huweza kutoka kidogo kidogo bila mpango, kisha hupungua sana, hata kwa sehemu 9 katika 10. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limekihesabu miongoni mwa dawa muhimu. Lakini kwa kuwa pia huzuia mimba, tutarudi kwake tukifika kwenye swali la imani.

Ya pili ni kuondoa polipu au fibroidi ndogo kwa kamera. Kamera nyembamba kama kalamu hupitishwa katika shingo ya kizazi, daktari huona ndani kwenye kioo na kukata kinyama kile peke yake. Tumbo haliguswi, kovu halipo, na mfuko wa uzazi unabaki. Kwa mama anayetaka bado kuzaa hii ni habari njema.

Ya tatu ni kuunguza utando wa ndani kwa joto. Katika njia mojawapo, mpira mdogo huingizwa ukiwa mtupu ndani ya mfuko wa uzazi, hujazwa maji, maji hayo hupashwa moto kwa dakika chache, kisha hutolewa. Utando ulioungua hauoti tena kama zamani. Tiba hii ni kwa mama aliyekwisha kumaliza uzazi tu, kwa sababu mimba ikitunga baada ya hapo huwa na hatari kubwa kwake na kwa mtoto.

Ya nne ni kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Mrija mwembamba kama tambi huingizwa katika mshipa wa damu kwenye kinena au kifundo cha mkono, daktari akiongozwa na picha za eksirei mpaka ufike kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi. Hapo humwaga chembe ndogo mfano wa mchanga, mishipa ya uvimbe huziba, na uvimbe ukikosa chakula hunywea. Njia hii ilitangazwa mwaka 1995 na Dk. Jacques Ravina na wenzake wa Paris, Ufaransa. Walikuwa wakiwaziba wagonjwa mishipa ili wasipoteze damu nyingi watakapopasuliwa, wakashangaa kuona baadhi yao wamepata nafuu kiasi cha kutohitaji tena upasuaji. Siku chache za mwanzo huwa na maumivu makali yanayohitaji dawa, na mama anayetarajia kuzaa azungumze kwanza kwa kina na daktari wake.

Hapa kwetu, tangu mwaka 2018, Muhimbili wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani wamekuwa wakifundisha madaktari Watanzania tiba za namna hii zinazoongozwa na picha. Kwa hiyo si habari za Ulaya peke yake. Lakini tuseme kweli: tiba hizi ndogo hazipo katika kila hospitali, na kutoka Ulyankulu hadi Dar es Salaam ni safari ndefu. Kabla hujauza mbuzi, mwombe daktari wa Kitete akuulizie kwa simu kama tiba unayohitaji inapatikana Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa inayohudumia pia mkoa wetu, au Muhimbili, na gharama yake ni kiasi gani. Kama una bima, uliza pia kama inailipia.

KIPANDIO CHA MWISHO: UPASUAJI

Kuna akina mama ambao watahitaji kupasuliwa. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, huweza kuondolewa wenyewe na kizazi kikaachwa. Na wapo ambao kizazi chenyewe lazima kiondolewe: mwenye saratani, au ambaye tiba nyingine zote zimeshindwa na damu inamwisha. Huyo akishauriwa hivyo, asikimbie.

Hofu ya kisu si ya bure, na katika nchi yetu ina historia. Mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon, mganga wa Wamisionari wa London, alifika Urambo katika nchi ya Mtemi Mirambo na kuwatibu watu wengi. Mwaka 1882 yeye mwenyewe alijeruhiwa mkono kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mkono ukakatwa, naye akafariki. Siku hizo hapakuwa na damu ya kuongezewa wala dawa za kuua vijidudu tulizo nazo leo. Leo hatari kubwa kwa mama ni kufika kwenye meza ya upasuaji akiwa hana damu kwa sababu alingoja miaka mitano nyumbani. Upasuaji uliopangwa, damu ikiwa imeshapandishwa kwa vidonge, ni tofauti kabisa na ule wa dharura usiku wa manane.

Na mama aliyeondolewa kizazi anabaki mwanamke kamili na mke kamili. Hazai tena wala haoni hedhi tena, lakini baada ya kupona aweza kulima, kuimba kwaya na kuishi na mumewe kama zamani.

JE, KANISA LINASEMAJE?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na wengine huacha kutibiwa kwa kudhani ni dhambi. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, namba ya 15, alieleza kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana kuwa itazuia uzazi, mradi kuzuia huko siko kunakokusudiwa. Mwaka 1993 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilijibu pia kwamba kuondoa kizazi kilichojeruhika vibaya kiasi cha kuhatarisha uhai au afya ya mama ni halali, ingawa hatazaa tena.

Kwa hiyo vidonge vya kupunguza damu, kuondoa polipu, kuziba mishipa ya uvimbe, na hata kuondoa kizazi kilicho kigonjwa, ni tiba. Kuhusu kitanzi chenye homoni, wapo walimu wa maadili wanaotaka uangalifu zaidi kwa mama ambaye bado aweza kushika mimba, kwa sababu ya namna kinavyofanya kazi. Mama wa namna hiyo amweleze daktari imani yake na kumwuliza kama njia nyingine yaweza kumfaa, kisha azungumze na padre wake pamoja na mumewe. Asikae kimya na kufa kwa ajili ya swali ambalo hakuliuliza.

NENO KWA AKINA BABA

Baba, ukiona mama anaitua ndoo njiani, usimwite mvivu. Muulize. Ulyankulu ni mahali palipojengwa na watu waliobebana. Tangu mwaka 1972, ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi walifika hapa na mizigo kichwani, wakafyeka msitu na kupanga vijiji kwa barabara zenye namba, kama ile Barabara ya 13 ambayo kwaya yake imelijulisha jina la Ulyankulu nchi nzima. Wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Katika safari ile aliyechoka hakuachwa njiani. Basi na mama asiachwe njiani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Fedha ya tumbaku inapoingia, kabla ya baiskeli na bati, tenga nauli ya mama kwenda Tabora. Nenda naye. Sikiliza pamoja naye anayosema daktari, maana mgonjwa peke yake husahau nusu. Na kama ndugu wa mgonjwa wataombwa kuchangia damu, uwe wa kwanza.

Nanyi akina mama wa WAWATA na Jumuiya Ndogondogo, mnaweza kufanya ambalo hospitali haiwezi: kumfuata yule wa benchi la mwisho. Dada mkubwa akimwambia mdogo wake, “Hata mimi nilikuwa hivyo, twende nikusindikize,” mambo mengi hufunguka.

LINI UKIMBIE HOSPITALI BILA KUNGOJA

Usingoje kesho ikiwa pedi zinalowa kila saa kwa saa mbili mfululizo au zaidi, ikiwa umezimia au viganja vimekuwa vyeupe, ikiwa kuna maumivu makali ya tumbo na huenda una mimba, au ikiwa damu ina harufu mbaya na una homa. Usianze kwa dawa za mizizi za kuingiza ukeni. Zimewaunguza na kuwachelewesha wengi.

Tumalizie na yule mama wa Injili ya Marko, sura ya 5. Miaka 12 alikuwa akitokwa na damu. Alizunguka kwa waganga wengi, akamaliza mali yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alikuja kwa siri, kutoka nyuma, akitumaini kugusa tu vazi na kuondoka bila kuonekana. Bwana hakumwacha aondoke hivyo. Alisimama katikati ya msongamano, ingawa Yairo alikuwa akimngoja na binti yake yu karibu kufa, akamtafuta mpaka yule mama akajitokeza na kueleza habari zake zote. Hakumfukuza wala hakumwaibisha. Alimwita binti.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama unayesoma haya na kujitambua, andika siku zako kuanzia mwezi huu, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na wiki ijayo nenda zahanati. Unakwenda kuanza na kipandio cha kwanza cha ngazi, wala hakuna atakayekutoa kizazi siku hiyo.